Karani mpya wa akili unde ofisini: Sahihi ingali yako

MGENI njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Mgeni anayebisha hodi maofisini siku hizi ni msaidizi wa akili unde, aliyewekwa ndani ya programu zile zile ambazo makarani wamezizoea kwa miaka mingi. Je, mwenyeji atapona iwapo hajui namna ya kumtumia?

Kampuni ya Microsoft ilitangaza programu yake ya Copilot mnamo Machi 2023, na kuanza kuiuza kwa mashirika makubwa Novemba 1 mwaka huo. Bei ya wakati huo ilikuwa dola 30 za Marekani kwa kila mtumiaji kila mwezi, mbali na ada ya kawaida. Msaidizi huyo hupatikana ndani ya Word, Excel, PowerPoint na Outlook. Google nayo ina Gemini, ambayo hufanya kazi kama hiyo katika Docs, Sheets na Gmail.

Tumchukue kwa mfano karani wa chama cha ushirika wa kahawa huko Imenti, Kaunti ya Meru, au Runyenjes, Kaunti ya Embu. Kati ya Oktoba na Desemba, mavuno makuu yanapofika, kazi humlemea. Kuna orodha ya kilo zilizoletwa kiwandani na kila mkulima, kumbukumbu za mikutano ya kamati, barua za benki na matangazo kwa wanachama.

Karani huyo aanzie wapi? Aanze na kazi anayoijua barabara. Mitambo hii imefunzwa kwa maandishi mengi mno ili ikisie neno linalofaa kufuata jingine. Kwa hivyo, inapokosea, hukosea kwa lugha fasaha isiyoonyesha shaka yoyote. Anayeijua kazi yake ataling'amua kosa mara moja, ilhali asiyeijua atalipitisha.

Hatua ya pili ni kutoa agizo lililo kamili. Ukiandika tu "andika tangazo la mkutano", msaidizi atajijazia mapengo atakavyo. Afadhali umwambie: "Andika tangazo la mkutano mkuu wa wanachama kwa Kiswahili rahisi, lisizidi maneno 150. Tumia tarehe, mahali na ajenda zilizo katika hati hii pekee. Usiongeze jambo lolote." Mweleze msomaji ni nani, urefu unaotaka na chanzo cha habari. Jibu lisipokuridhisha, mwagize arekebishe sehemu hiyo.

Kuhusu lugha, tahadhari inahitajika. Wasaidizi hawa hufanya vyema zaidi kwa Kiingereza. Kiswahili chao hueleweka, ingawa huhitaji kunyooshwa. Kimeru na Kiembu vina maandishi machache mno mtandaoni, na tafsiri ya lugha hizo haifai kusomwa mbele ya wanachama kabla ya mzawa kuipitia.

Hesabu nazo zina hatari yake. Ukimwomba msaidizi ajumlishe kilo katika jedwali la Excel, mtake pia akuonyeshe fomyula aliyotumia. Kisha chagua wakulima watano, uchukue kikokotoo na kulinganisha jumla zao na stakabadhi za kiwandani. Safu moja ikirukwa, kuna mzazi atakayekosa karo ya mwanawe.

Wanaodhani kwamba lawama itaiangukia mashine wakumbuke yaliyotokea New York. Mnamo Juni 2023, jaji wa mahakama ya shirikisho aliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000. Walikuwa wamewasilisha hati iliyotaja kesi ambazo hazijawahi kuwepo, zilizobuniwa na ChatGPT.

Suala la mwisho, na huenda ndilo zito zaidi, ni siri za watu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamlazimu kila anayehifadhi habari za watu azilinde. Kamishna wa Data anaweza kutoza faini ya hadi Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kipi ni cha chini. Karani anayenakili nambari za vitambulisho na akaunti za benki za wakulima, kisha kuzibandika katika programu ya bure kwa akaunti yake binafsi, amezitoa nje ya himaya ya chama. Atumie akaunti ya kazi iliyoidhinishwa na mwajiri, na aondoe majina na nambari pale ambapo hazihitajiki.

Hata akaunti ya kazi haitoshi pekee. Copilot husoma faili zozote ambazo mtumiaji ameruhusiwa kuzifungua. Iwapo faili ya mishahara iliachwa wazi kwa wafanyakazi wote, yeyote akiuliza anaweza kujibiwa. Kwa hivyo, kabla ya kumkaribisha msaidizi, wakuu wa ofisi wakague ni nani ameruhusiwa kuona nini.

Mkulima wa Imenti au Runyenjes hatajua ni nani aliyeandika barua aliyoipokea. Atatazama jina lililo chini yake, na huyo ndiye atakayemwendea kudai jawabu.