Umehamia nyumba mpya na umekuta panya? Usianze na sumu

Umepata nyumba hapa Kyangwali baada ya kusubiri muda mrefu. Pengine aliyekuwa akiishi humo alisafiri kwenda nchi ya tatu, na nyumba ikakaa tupu kwa miezi kadhaa. Usiku wa kwanza unasikia mikwaruzo kwenye fito. Asubuhi gunia la mahindi lina tundu, na mavi madogo meusi yametapakaa kando ya ukuta. Panya walihamia kabla yako.

Wengi hukimbilia sokoni kununua sumu ya pakiti ndogo isiyo na maandishi. Tunakuomba usubiri kwanza.

Kwa nini usianze na sumu?

- Sumu huchanganywa na chakula. Mtoto au kuku anaweza kuila kabla ya panya.
- Panya aliyekula sumu anaweza kufia ndani ya ukuta, usimfikie.
- Viroboto huishi kwa damu ya panya. Panya akifa, hutafuta mwili mwingine, na unaweza kuwa wako. Hivyo ndivyo tauni humfikia binadamu. Wasomaji waliotoka Djugu, Mahagi na Aru, huko Ituri, wanaufahamu ugonjwa huu. Umewahi kutokea pia West Nile, hapa Uganda.
- Matundu yakibaki wazi, panya wengine wataingia.

Fanya hivi

1. Tafuta njia zao. Panya mdogo hupita kwenye tundu lenye upana wa penseli. Kagua chini ya mlango, kwenye pembe za kuta, na mahali mabati yanapokutana na ukuta.

2. Ziba matundu. Udongo peke yake hutobolewa upya. Shindilia kwanza vijiwe au waya wa kusugulia sufuria, kisha piga udongo au saruji juu yake. Chini ya mlango pigilia kipande cha bati.

3. Wanyime chakula. Weka unga, mahindi na maharage kwenye ndoo au jerikani yenye kifuniko kinachobana. Gunia liwe juu ya kichanja, mbali na ukuta. Osha vyombo kabla ya kulala.

4. Tega mitego. Panya hupenda kutembea kando ya ukuta, hivyo weka mtego hapo, na chambo cha dagaa au karanga. Tega watoto wakishalala, tegua asubuhi. Usiache baada ya kukamata wawili: jike hubeba mimba kwa wiki 3 tu, kisha huzaa watoto kadhaa kwa mara moja. Ukiona viroboto ndani ya nyumba, zungumza na mhudumu wa afya wa kijiji (VHT) kabla ya kutega.

Paka anasaidia, lakini hazibi tundu.

Safisha bila kujidhuru

Usifagie mavi makavu, kwa sababu vumbi lake huingia puani. Fungua mlango na madirisha kwa nusu saa. Changanya kikombe 1 cha jiki na vikombe 9 vya maji, mwagia, subiri dakika 5, kisha futa kwa kitambaa. Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu: vaa mfuko wa plastiki mkononi, kisha mtupe chooni au umzike kwenye shimo refu. Nawa mikono kwa sabuni.

Nenda kituo cha afya haraka ikiwa:

- Mtu ana homa ya ghafla, baridi na maumivu ya kichwa, pamoja na uvimbe unaouma kwenye kinena, kwapa au shingo. Tauni hutibika kwa antibiotiki, lakini huua upesi ikicheleweshwa.
- Mtoto amekula sumu. Usimtapishe. Beba pakiti ya sumu ili mganga aione.

Ukiona panya wengi wamekufa bila kuwekewa sumu, usiwaguse. Mwambie VHT siku hiyo hiyo.

Zungumza pia na majirani, maana panya hawajui mpaka wa kiwanja. Mkiziba nyumba zenu pamoja, hawatakuwa na pa kukimbilia. Na leo, kabla giza halijaingia, zunguka nyumba yako na uhesabu matundu.