Askari na Kazi za Umeme na Bomba la Mafuta

Askari wengi wanaokaribia kumaliza utumishi wao, jeshini na katika polisi, huelekeza macho yao kwenye makampuni ya umeme na ya mafuta. Hawakosei. Makampuni hayo huwataka watu waliozoea kukesha na kutii amri. Tena fundi wa redio, dereva wa lori na makanika wa kambini hawaanzi kujifunza upya. Lakini yafaa tuzitazame kazi zenyewe kabla ya kutia sahihi.

Katika nchi yetu ya Uganda, kituo cha umeme cha Owen Falls, ambacho tangu mwaka 2000 huitwa Nalubaale, kilifunguliwa mwaka 1954. Kwa miaka mingi fundi wa Bodi ya Umeme alijihesabu kuwa mtu wa serikali. Mwaka 2001 bodi hiyo ikagawanywa kuwa makampuni matatu: la kuzalisha, la kusafirisha na la kusambaza. Mwaka 2005 usambazaji ukakabidhiwa kampuni ya Umeme kwa mkataba wa miaka 20, ambao ulikwisha tarehe 31 Machi 2025. Kazi ikarudi kwa UEDCL, kampuni ya serikali. Basi fundi aliyepanda nguzo mwaka 2000, naye angali akipanda nguzo zile zile, amebadilishiwa mwajiri mara tatu bila kuhama mtaa. Askari, ambaye mwajiri wake ni taifa, hajapata kuonja jambo hilo.

Ufundi wa nyaya hata hivyo ni mali. Mwenye nao hutafutwa popote. Hatari yake nayo ni kubwa, kwa kuwa umeme hauna rangi wala harufu. Anayesahau kuzima laini na kuiunganisha na ardhi kabla ya kuigusa, mara nyingi hapati nafasi ya kusahau tena.

Bomba la mafuta ghafi, litokalo Kabaale wilayani Hoima hadi Chongoleani karibu na Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 296 zimo Uganda. Mafuta yetu yana nta nyingi, hivyo hayana budi kupashwa moto hadi nyuzi 50 hivi ili yasigande njiani. Ujenzi wa namna hiyo huhitaji maelfu ya watu, na mshahara wake huvutia. Lakini bomba likishafukiwa, mchomeleaji, dereva na mpishi wa kambi huagwa. Hubaki wachache wa vituo vya pampu na doria. Zaidi ya hayo, wengi hawaandikwi na kampuni yenyewe bali na mkandarasi, pengine mkandarasi wa mkandarasi.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, aliyebakiza miaka michache kufikia pensheni asiikimbie kwa ajili ya mkataba wa miezi 18. Aliyekwisha kustaafu ni mtu mwingine. Huyo na aende, ila aulize nani atamlipa, kwa muda gani, na kama asilimia 10 ya mwajiri itapelekwa NSSF pamoja na asilimia 5 yake mwenyewe. Na aliyefunga taa kambini miaka kumi bado atahitaji kibali cha Mamlaka ya Kusimamia Umeme kabla ya kutandaza waya katika nyumba ya raia.