Fremu Kwanza, Mengine Fundi Ataongeza

Katika banda la fundi baiskeli mmoja upande wa Kenya wa mji wa Busia, kuna kibati kidogo kilichopigiliwa msumari juu ya benchi. Kilibanduliwa kutoka baiskeli iliyokufa zamani. Kimeliwa na kutu, lakini ukikikaribia utaona bunduki tatu zimeegemezwa pamoja, vitako chini, midomo juu. Vijana wanaoleta pancha hudhani ni nembo ya jeshi, na fundi huwaacha na dhana yao.

Ni nembo ya BSA, kampuni iliyoanzishwa na mafundi wa bunduki wa Birmingham, Uingereza, mwaka 1861. Bunduki ni biashara ya msimu: vita vikiisha, na oda huisha. Kufikia mwaka 1880 mafundi hao walikuwa wameanza kuunda baiskeli, maana aliyezoea kuchonga mtutu hawezi kushindwa na bomba la fremu. Baiskeli zao zilisambaa na bendera ya Mwingereza, nembo ya bunduki tatu ikiwa kifuani, hadi kitengo cha baiskeli kiliponunuliwa na Raleigh mwaka 1957.

Kibati hicho kilinikumbusha mlenga shabaha mmoja, mtu wa leseni na mashindano, niliyewahi kumsikiliza akieleza namna ya kuchagua bastola utakayoibadilisha baadaye. Glock 17, iliyopokewa na jeshi la Austria mwaka 1982, ina mwili wa plastiki ngumu na haifiki gramu 700 bila magazini. CZ 75 ya chuma, ya ukoo wa zile Ceska ambazo Wakenya huzisikia katika habari za polisi, hukaribia kilo 1. Nyepesi unashinda nayo kiunoni bila kuumia. Nzito hutulia mkononi risasi inapotoka. Yeye alichagua nyepesi, akasema uzito ni kitu unachoweza kuongeza, lakini kuupunguza ni kazi. Kisha akauliza kama vipuri vyake viko tele, na kama mwili wake unakubali kubadilishwa bila kuharibika.

Mpakani hapa mazungumzo ya bastola ni ya kukatiza mapema. Kenya na Uganda zote zinataka leseni, na anayevuka na silaha isiyo na karatasi safari yake huishia kizimbani. Lakini maswali yale ya mlenga shabaha, tangu wepesi hadi vipuri, nimeyasikia Busia na Tororo, mji jirani wa Uganda, yakiulizwa kila siku, tena na watu ambao hawajawahi kushika bastola. Wanayauliza juu ya baiskeli.

Mji wa Busia uko katika nchi mbili. Kati ya lango la Kenya na lango la Uganda palikuwa na kipande cha ardhi kisicho cha mtu, zaidi ya mita 800, na msafiri aliyeshushwa na basi upande mmoja alilazimika kukipita kwa miguu, mizigo kichwani. Katika miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli wakaona pesa imelala pale. Wakaweka kitambaa juu ya keria na kuita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakilirudia mara mbili: boda, boda. Neno hilo leo linasikika hadi Dar es Salaam, na wengi wanaolitamka hawajui kwamba lilikuwa mwito wa kuvuka uwanja mmoja wenye vumbi.

Baiskeli ya kiwandani haikuundwa kwa kazi hiyo. Ile nyeusi ya magurudumu ya inchi 28, ambayo Wakenya huiita Black Mamba, ilichorwa kwa ajili ya mtu mmoja mzima na labda mkoba wake. Ina kilo kama 20. Ukimpandisha mama wa kilo 70 na kikapu cha omena, keria ya kiwandani hulegea, njiti za gurudumu la nyuma hukatika moja baada ya nyingine, na uma wa nyuma huanza kulia. Kwa hiyo mtu wa mpakani hanunui baiskeli. Ananunua fremu, halafu anaipeleka kwa fundi.

Fremu ipi? Hapo ndipo ubishi huanza, na mimi nina upande wangu. Wazee huapa kwa Raleigh ya Nottingham, na ni kweli chuma chake kilikuwa kizuri. Lakini Hero na Avon za Ludhiana, India, na Phoenix ya Shanghai, zilifuata umbo lilelile la Mwingereza, kwa bei ya mkulima. Sahani ya cheni ya hii hukaa kwenye ile, rimu ya ile hukubali tairi ya hii. Ukivunjikiwa na pedali kwenye barabara ya Tororo, saa tatu usiku, hutauliza ilitoka nchi gani. Utauliza kama duka la karibu linayo. Sifa ya baiskeli hizi ni kwamba ni ndugu, na nduguye mtu huazimwa.

Zile za gia nyingi zinazoingia kwa marobota ya mitumba kutoka Ulaya ni nyepesi zaidi, na kijana akiinua moja kwa kidole kimoja hushawishika. Fundi huzitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa wa kujitakia. Bomba nyingi ni za aluminiamu, na aluminiamu haipokei moto wa mtambo wa kuchomelea uliozoea chuma. Ikipata ufa, kwaheri. Wepesi wa namna hiyo haupokei nyongeza. Wepesi anaoutaka fundi ni wa chuma chembamba, kilichonyooka, kinachochomeleka kando ya barabara kwa umeme wa kukatikakatika.

Akiipata fremu ya namna hiyo, huivua. Madigadi ya bati hutoka kwa muda, keria hutupwa kabisa. Mahali pake huja keria ya nondo, pana, yenye miguu inayoshuka hadi kwenye ekseli ili uzito usikae kwenye fremu. Njiti za kawaida hubadilishwa kwa nene. Vipande viwili vya bomba huchomelewa pembeni, abiria apate pa kuweka miguu. Juu ya keria hushonwa kiti cha sponji na raksini, chenye nyuzi za rangi zinazoning'inia. Mwisho huja kengele na kibati cha jina. Kila kinachoongezwa kitasukumwa na mapaja ya mtu mmoja, na fundi mwerevu huhesabu hilo kabla ya kukata nondo.

Miaka ya 1970 ilizitia baiskeli hizo katika mtihani mwingine. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na kufikia mwaka 1977 bei ya kahawa duniani ilikuwa imepaa. Mkulima wa Uganda alilipwa na bodi ya serikali kwa shilingi iliyokuwa ikiyeyuka chini ya Idi Amin, ilhali hatua chache tu mashariki kulikuwa na mnunuzi wa shilingi ya Kenya. Soko la Chepkube, kule Mlima Elgon, likawa gumzo. Gunia la kahawa ni kilo 60. Likafungwa juu ya keria na kupitishwa njia za panya usiku. Baiskeli ya magendo haikuhitaji kengele.

Lakini ukiniuliza ni nani aliyebadilisha chombo kwa akili nyingi kuliko wote hapa, sitataja boda wala wa magendo. Nitataja walemavu wa Busia. Wengi waliopoozwa miguu na polio walipata baiskeli za magurudumu matatu, zinazoendeshwa kwa mikono, zilizokusudiwa kumfikisha mtu shuleni au kanisani. Wao wakaona sehemu ya kupakia. Baiskeli hizo zikaimarishwa, zikapanuliwa nyuma, zikaanza kuvusha bidhaa za wafanyabiashara, na maofisa wa forodha, kwa huruma au kwa kuchoka, waliwalegezea. Wanaanthropolojia Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda wameandika habari zao. Kilichotolewa kama msaada kikawa lori dogo, na aliyekuwa akihurumiwa akawa anajenga nyumba na kusomesha watoto. Mzigo ukizidi, waliajiri wenye miguu wawasukumie.

Pikipiki zilipofurika, hasa baada ya Kenya kuzipunguzia kodi zile ndogo miaka ya mwisho ya 2000, ubishi wa fremu ulihamia huko mzima mzima. Bajaj Boxer ya cc 100 au ya cc 150? Kubwa hupanda mlima na gunia bila kulalamika. Ndogo hunywa mafuta kidogo. Pikipiki nayo hubebeshwa vyake: vyuma vya kinga pande zote mbili, keria ya mitungi ya maji, na mwavuli mrefu unaoanzia juu ya taa hadi nyuma ya abiria. Mwavuli huo ni mtamu kwenye jua la saa nane. Upepo wa lori la saruji linalotoka Tororo ukiupiga, dereva hugundua kwamba amenunua tanga.

Kituo cha pamoja cha mpaka kilifunguliwa Februari 24, 2018, na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Siku hizi pasipoti hugongwa upande mmoja tu, na zile mita 800 hazina tena woga wa zamani. Boda bado wapo. Wamehamia masokoni, zahanati na barabara za vijijini.

Nilipokuwa bado nakikodolea macho kile kibati cha BSA, kijana mmoja aliingiza Boxer mpya, kiti kikiwa bado ndani ya nailoni. Alitaka kila kitu: keria, vyuma, mwavuli, na spika. Fundi aliizunguka mara moja, akaibonyeza nyuma kwa kiganja, akaitazama ikirudi juu.

"Utabeba nini, kijana wangu?"

"Watu, mzee."

"Wa soko au wa kanisa?"

Kijana akanyamaza kidogo, akifikiri. Fundi akavuta kigoda, akaketi kumsubiri.