Faili Ipo, Njia Ndiyo Mbovu

Ukimwelekeza mgeni nyumba fulani ya Cimpunda, unaanza na pakubwa ukishukia padogo: Kivu Kusini, Bukavu, komine ya Kadutu, Cimpunda, avenyu, kisha namba ya nyumba. Kompyuta nayo hutafuta faili vivyo hivyo: diski, folda, folda iliyo ndani yake, mwishowe jina la faili. Mfuatano huo ndio njia ya faili, na herufi moja ikikosewa programu nzima inaweza kukwama.

Tatizo la kwanza ni alama ya kutenganisha hatua. Unix, mfumo uliobuniwa Bell Labs, hutumia mkwaju (/). Microsoft ilipoingiza folda katika MS-DOS 2.0 mwaka 1983, mkwaju ulikuwa umekwishapewa kazi ya kutangulia machaguo ya amri. Ikachukuliwa alama iliyolala upande wa pili (\), na Windows ikairithi.

Alama hiyo ina mtego. Katika Python, "C:\Kadutu\nyaraka" haifiki kwenye folda ya nyaraka, kwa sababu \n husomwa kuwa mstari mpya. Nayo \t ya "\takwimu" huwa nafasi ya tabo.

Herufi nazo zina mambo. Kwa Linux, "Cimpunda.csv" na "cimpunda.csv" ni faili mbili, kwa Windows, kwa kawaida, ni moja. Ndiyo maana programu iliyofanya kazi vizuri kwenye laptopi ya Windows huweza kugoma ikihamishiwa kwenye seva ya Linux. Hata é ya majina ya Kifaransa, tunayoitumia sana Bukavu, huweza kuhifadhiwa kama herufi moja au kama e na alama yake kando. Jicho halioni tofauti. Linux huona majina mawili.

Basi usiunganishe vipande vya njia kwa alama ya kujumlisha. Tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014, Python ina pathlib: Path("takwimu") / "Kadutu" / "Cimpunda.csv" huweka kitenganishi kinachoifaa mashine husika. Java ina Path.of, Node.js ina path.join.

Amua pia mahali pa kuanzia. Njia isiyoanzia kwenye mzizi huhesabiwa kutoka folda ambamo programu imeanzishwa, si lazima ile yenye msimbo; Path(__file__).parent huitaja ya msimbo waziwazi. Na jina likitoka kwa mtumiaji, kumbuka kuwa ".." hupanda folda ya juu: tafuta kwanza njia kamili, hakikisha imebaki ndani ya folda uliyoiruhusu, ndipo ufungue. Uzembe hapo humpa mgeni rekodi za wagonjwa au alama za wanafunzi.