Farasi, Punda Milia na Nzi Waumao

Mkazi wa Igogo, mjini Mwanza, atakaye kumpiga picha farasi akiwa malishoni atasafiri mwendo mrefu kabla ya kumpata. Lakini akishika barabara iendayo Musoma hadi Ndabaka, mahali ambapo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti inaukaribia mwambao wa Ziwa Victoria, huweza kuwakuta punda milia, ambao ni jamaa moja na farasi. Je, kwa nini nchi hii iwe ngumu kwa mmoja na nyepesi kwa mwenzake?

Sababu moja kubwa ni wadudu. Katika miaka ya 1890, huko Zululand, David Bruce alithibitisha kwamba nagana husababishwa na vijidudu vya damu vinavyoenezwa na mbung'o. Ugonjwa huo hudhoofisha ng'ombe na kuua farasi. Usubi nao hueneza virusi viwezavyo kuua farasi 9 katika kila 10; punda milia huambukizwa virusi hivyo hivyo bila kuugua sana.

Zaidi ya hayo, punda milia ana milia yake. Mwaka 2019 Tim Caro, aliyepata kufanya utafiti Tanzania, alitangaza pamoja na wenzake matokeo ya uchunguzi katika malisho ya Uingereza yaliyokuwa na farasi na punda milia. Picha za video zilionyesha kwamba pange, nzi wakubwa wanyonyao damu, waliwakaribia wanyama wote sawasawa. Walipomfikia punda milia, hawakupunguza mwendo: walimpita, au walimgonga wakadunda. Farasi waliovishwa nguo zenye milia walituliwa na pange wachache, isipokuwa kichwani palipoachwa wazi. Basi milia haimfukuzi nzi akiwa mbali; humchanganya anapotaka kutua.

Mwaka huo huo watafiti wa Japani waliwapaka ng'ombe weusi milia myeupe, na nzi waumao wakapungua kwa karibu nusu. Kwa mfugaji wa Usukuma, ambaye ng'ombe ndiye akiba yake, habari hii ina uzito. Hata hivyo, Uingereza na Japani hazina mbung'o. Kwa hiyo asiache mitego, dawa wala ushauri wa daktari wa mifugo kwa kutegemea rangi. Faida ya milia kwa ng'ombe wetu itajulikana kwa kuipima katika malisho yetu wenyewe.