Unahamia Flutter? Soma Hii Kabla ya Kulipia Kozi

Umeandika programu za Android kwa Java miaka mingi pale Lodwar. Mwenye duka Kakuma anakuomba programu ya kupokea oda na malipo, ifanye kazi kwenye Android na iPhone. Unaamua kuhamia Flutter. Ukitafuta mafunzo, kozi ni nyingi na kila moja inajiita bora. Utalipia gani?

Tunauliza kwa sababu pesa za kozi mara nyingi hulipwa kwa simu, na zikishatoka kuzirudisha si rahisi. Kabla hujaweka nambari ya siri, pitia haya.

Angalia mwaka. Flutter 1.0 ilitoka Desemba 2018. Mei 2023 lugha yake, Dart, ilifika toleo la 3, linalotaka useme wazi ni data gani inaruhusiwa kuwa tupu. Kozi ya 2019 yaweza kuwa na mwalimu hodari, lakini ukinakili mifano yake leo, mingi itagoma. Si kwamba wewe huelewi, ni somo limezeeka. Tafuta kozi iliyosasishwa baada ya hapo.

Usirudi darasa la kwanza. Kozi ya wanaoanza itakula wiki nzima ikikufundisha mambo unayoyajua tayari. Tovuti rasmi ya Flutter ina sehemu ya waliotoka Android, inayokuonyesha jambo ulilozoea linafanywaje huku. Ni bure. Anzia hapo.

Hesabu bando. Video ya saa moja yaweza kumaliza mamia ya MB, na maandishi hula kidogo sana. Ukipata Wi-Fi mjini, hifadhi nyaraka za kusoma bila mtandao. DevDocs, kwa mfano, inaruhusu hivyo. Ukifika Kakuma bando likaisha, kazi inaendelea.

Jenga kitu kidogo kwanza. Tengeneza ukurasa mmoja tu, wa orodha ya oda. Utakwama mahali, na hapo ndipo utajua unachohitaji kununua. Fungua mtaala wa kozi uone kama jibu la swali lako limo. Kama halimo, weka pesa yako mfukoni.

Kwenye malipo, chagua mwalimu kwa makini zaidi. Rangi ya kitufe ukikosea, utarekebisha kesho. Pesa ya mteja si hivyo. Masomo mengi huonyesha malipo yakifaulu tu. Wewe uliza: mtandao ukikatika katikati, linasema nini? Mama ameweka nambari ya siri, pesa imetoka, lakini skrini bado inazunguka. Programu ikituma ombi jipya kabla ya kuuliza la kwanza limeishia wapi, huyo mama atalipa mara mbili. Somo linalokuambia uweke funguo za siri ndani ya programu ya simu pia liache. Funguo hukaa kwenye seva. Sehemu hii isome kwenye nyaraka rasmi za kampuni ya malipo unayounganisha, na ujaribu kwenye mazingira ya majaribio kabla ya kugusa shilingi ya mtu.

Ukiamua kulipia, onja masomo ya bure kwanza, na usome masharti ya kurudishiwa pesa. Mtu akikuharakisha utume kwa nambari yake binafsi eti ofa inaisha leo, tulia. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Ujumbe wa muamala usiufute. Na nambari yako ya siri usimpe yeyote, hata akijiita mwalimu, hata akisema ametoka kwetu.

Miaka yako ya Java haijapotea. Kupanga kazi, kusaka makosa na kumwelewa mteja, hayo unahama nayo. Kilichobaki ni kujifunza kigeni tu, na sehemu kubwa ya hicho inapatikana bure.