Mama, Nawe U Hali Gani?

Leo tuzungumzie ushauri nasaha baada ya kujifungua.

Mtoto akifika wiki 6, unamleta kliniki achanjwe. Tunampima uzito, tunaandika kwenye kitabu, mnarudi nyumbani. Mara nyingi sisi wauguzi tunasahau kumuuliza mama hali yake, naye hasemi, ingawa usiku analia peke yake.

Kulialia siku chache baada ya kujifungua ni kawaida. Lakini huzuni ikipita wiki 2, ukikosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, au ukikosa hamu naye, huo si uvivu wala si kurogwa. Huenda ni ugonjwa, nao una tiba. Mwambie muuguzi akuelekeze kwa mshauri nasaha.

Mshauri hakugombezi wala hakuamulii. Anakusikiliza, kisha mnapanga pamoja jambo moja dogo, pengine kumwomba dada yako ashike mtoto nawe ulale kidogo. Mkionana tena mnaangalia lilivyokwenda. Siku moja haitoshi, kwa hivyo rudi. Siri yako haitoki, isipokuwa maisha yako au ya mtoto yakiwa hatarini.

Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje siku ya kliniki. Mwambie mtu akupeleke hospitali leo hii.

Nanyi baba, nyanya na majirani, mkija kumwona mtoto, muulizeni na mama hali. Kwaherini.